Kazi Isiyopigiwa Makofi: Jamie Peacock na Maisha ya Fowadi

Hotuba hii niliitoa mbele ya wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili hapa Leeds na Bradford. Wengi walioshindwa kufika kwa sababu ya zamu za kazi waliniomba niiandike. Naiweka hapa nzima kama nilivyoisema, isipokuwa picha nilizoonyesha ukutani, ambazo nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, nanyi vijana mlioketi kule nyuma mkiwa bado na matope ya uwanjani. Wazee, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nimeombwa niseme juu ya bidii. Najua kwamba vijana mmelisikia neno hili shuleni, msikitini, kanisani na nyumbani hadi limechakaa masikioni mwenu, na ndiyo maana sitalieleza neno lenyewe. Nitawaeleza mtu mmoja. Mtu huyo alizaliwa katika mji huu huu wa Leeds tunaoishi, tarehe 14 Desemba 1977, akacheza raga ya wachezaji 13 katika klabu ya mtaani ya Stanningley, kisha akaifanya raga hiyo kuwa kazi yake ya mshahara kuanzia mwaka 1999 hadi 2015. Jina lake ni Jamie Peacock. Alikuwa fowadi.

Kwa wale waliozoea soka, nieleze kwanza, maana kwetu fowadi ni yule anayefunga mabao na kubebwa mabegani. Katika raga mambo ni kinyume kabisa. Fowadi wa raga ni yule mkubwa wa mwili anayeuchukua mpira mahali pabaya, karibu na mstari wa timu yake, na kukimbia nao moja kwa moja kuelekea watu watatu wanaomsubiri. Anajua kwamba wataangukiana, anajua kwamba itauma, na anajua kwamba faida yake ni mita nane au kumi tu. Kisha anainuka na kufanya vivyo hivyo tena.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Kila mwaka ubingwa wa Super League, ligi kuu ya raga hii, huamuliwa kwa mechi moja inayoitwa Fainali Kuu, inayochezwa katika uwanja wa Old Trafford kule Manchester. Peacock alishinda Fainali Kuu mara 9: mara 3 akiwa na Bradford Bulls na mara 6 akiwa na Leeds Rhinos. Hakuna mchezaji mwingine aliyeifikia idadi hiyo. Katika kila fainali kuna tuzo ya Harry Sunderland ambayo waandishi wa habari humpigia kura mchezaji bora wa siku hiyo. Nawauliza: katika fainali hizo 9 alizoshinda, Jamie Peacock alipewa tuzo hiyo mara ngapi?

Hakupewa hata mara moja.

Mwaka 2001 alipewa Michael Withers. Mwaka 2003 alipewa Stuart Reardon, na mwaka 2005 Leon Pryce. Mwaka 2007 alipewa Rob Burrow, mwaka 2008 Lee Smith, mwaka 2009 Kevin Sinfield. Mwaka 2011 alipewa Burrow tena, mwaka 2012 Sinfield tena, na mwaka 2015 Danny McGuire. Fainali tisa, majina saba, na jina la mtu pekee aliyekuwemo katika fainali zote hizo halimo. Sisemi kwamba waliopewa hawakustahili. Walistahili. Ninachosema ni kwamba kuna aina ya kazi ambayo bila hiyo hakuna ushindi, lakini jicho la mtazamaji huipita, na ni juu ya kazi hiyo ninayotaka tuzungumze leo.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini, Mombasa. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukienda Likoni kutazama meli zikiingia, na watu wote pale walizungumza juu ya meli: ukubwa wake, bendera yake, imetoka nchi gani. Sikumbuki hata siku moja nikimsikia mtu akizungumza juu ya wale walioingia ndani ya meli hizo na kutoka na magunia mgongoni. Jioni baba alirudi, akaketi barazani, na mama akamletea maji ya moto ya kuloweka miguu. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nilikua nikiuona mzigo wa baba yangu kuwa mwepesi kwa sababu hakuwahi kuulalamikia. Miaka mingi baadaye, nilipokuja kuishi Leeds na kumwona Peacock akicheza, nilimkumbuka baba. Ndipo nilipoanza kuupenda mchezo huu.

Wala si bahati kwamba mchezo huu ulinikumbusha kuli. Ndugu zangu, raga ya wachezaji 13 ilizaliwa kwa ajili ya watu kama baba zetu. Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli ya George kule Huddersfield, si mbali na ukumbi huu, zaidi ya vilabu 20 vya kaskazini mwa Uingereza vilijitenga na chama cha raga cha wakati ule. Walitengana kwa sababu ya mshahara wa Jumamosi. Wachezaji wa kaskazini walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Mtu akienda kucheza alikatwa malipo ya saa ambazo hakufanya kazi. Vilabu vilitaka viwalipe fidia ya saa hizo, na wakubwa wa mchezo wakakataa, wakisema kwamba mtu wa heshima hucheza bila malipo. Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu ambaye watoto wake hawatalala njaa Jumamosi usiku. Watu wa kaskazini wakaanzisha mchezo wao, na mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13. Kila mara mnapovaa jezi zile, vijana, mjue kwamba mmevaa nguo iliyoshonwa na wafanyakazi.

Sasa niwaeleze siku niliyofunguliwa macho. Nilikuwa nikifanya kazi ya usiku ghalani, na mwenzangu mmoja, mzee wa hapa hapa Leeds aliyekuwa akikaribia kustaafu, alinichukua Headingley, uwanja wa Leeds, kutazama mechi. Tulisimama upande wa kusini, pale ambapo watu husimama na kuimba. Mimi nilikuwa nikiufuata mpira kwa macho, kama kila mgeni afanyavyo. Mzee akanigusa bega, akaniambia niache kuutazama mpira. Akaniambia nimtazame namba 10, yaani Peacock, peke yake, kwa dakika 20 zote, hata kama trai, lile bao la kuuweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani, itafungwa upande mwingine.

Nilifanya hivyo. Nawaomba nanyi mfanye hivyo siku moja, kwa sababu mtauona mchezo mwingine kabisa.

Katika raga hii timu yenye mpira huangushwa mara sita, kisha hunyang'anywa mpira. Kila mtu anapoangushwa, wale wanaokaba lazima wamwachie na warudi nyuma mita 10 kabla ya kuruhusiwa kusogea mbele tena. Namba 10 alimwangusha mtu. Akainuka kabla ya mwenzake aliyeanguka naye, akarudi mbio mita 10 huku akiutazama mstari, akageuka, akapanda mbele, akamwangusha mwingine. Akarudi tena. Mara ya tatu hakuguswa na mtu, kwa sababu mpira ulikwenda upande mwingine wa uwanja, lakini alirudi na kupanda vilevile, kwa kasi ile ile, kana kwamba mpira unamjia yeye. Mara ya nne vivyo hivyo. Mara ya sita wapinzani wakaupiga mpira mbali, timu yake ikaudaka karibu na mstari wake, na ni nani aliyekwenda kuuchukua kwanza na kukimbilia ule ukuta wa watu? Namba 10. Aliangushwa na watatu. Akajinyanyua, akauviringisha mpira nyuma kwa unyayo, na kabla sijapumua nikamwona amekwisha kujipanga kuuchukua tena.

Mrefu karibu mita 2, umri wake umekwisha kupita miaka 30, katika nafasi ambayo kwa kawaida mtu hucheza dakika 20 au 25 kisha hupumzishwa benchini. Sikumwona akipumzika. Baada ya zile dakika 20 nilikuwa nimechoka mimi niliyesimama tu.

Ndipo mzee akaniambia nitazame sasa wakabaji wa timu ile nyingine. Mikono ilikuwa viunoni. Mmoja alikuwa akirudi kwa kutembea. Katika pengo lile la mtu aliyechoka, yule mdogo wao, Rob Burrow, mwenye urefu wa mita 1.65 tu, akachomoka kama panya kwenye zizi la ng'ombe, na uwanja mzima ukalipuka. Watu wote walilitaja jina la Burrow. Mzee alipiga makofi huku akimtazama namba 10. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na tangu siku ile nimekuwa nikimtafuta aliyeunda.

Hiyo ndiyo maana ya fowadi mwenye bidii. Yeye huwachosha wapinzani ili mwenziwe mwepesi apate pa kupita. Mwaka 2011, katika Fainali Kuu dhidi ya St Helens, Burrow aliuchukua mpira karibu na katikati ya uwanja, akainama chini ya mkono wa mkabaji, akawapita wote hadi mstarini. Ni moja ya trai zinazopendwa kuliko zote katika historia ya fainali hizo. Leeds walishinda 32 kwa 16, ingawa walikuwa wamemaliza msimu wakiwa wa tano kwenye jedwali. Itazameni tena trai ile, lakini safari hii watazameni wakabaji. Tazameni miguu yao.

Vijana wangu, najua sasa mnachofikiri. Mnafikiri kwamba mtu huyu alizaliwa na nguvu hizo, na kwamba tangu utotoni kila mtu alijua atakuwa nani. Sivyo. Peacock hakuwa miongoni mwa vijana waliokuwa wakipiganiwa na vilabu vikubwa. Alipoingia Bradford hawakumweka moja kwa moja kwenye kikosi. Walimwazima kwa klabu ya Featherstone, na alikwenda hadi Australia, katika mji wa Wollongong, kucheza kwa timu ya chuo kikuu cha huko. Alicheza mechi yake ya kwanza ya kikosi kikuu cha Bradford mwaka 1999 akiwa na miaka 21, umri ambao wengi wa wale waliosifiwa wakiwa na miaka 16 walikuwa wamekwisha kuchoka na sifa zao. Miaka minne baadaye, mwaka 2003, Bradford walichukua Kombe la Challenge na ubingwa katika msimu mmoja, na mchezaji bora wa ligi nzima, aliyepewa tuzo iitwayo Man of Steel, yaani Mtu wa Chuma, alikuwa yeye. Kwa hiyo tuzo hazikumpita zote. Lakini angalieni ni ipi iliyomfikia: ile ya msimu mzima. Ile ya siku moja haikumfikia kamwe.

Nasema hivi kwa sababu nawaona wazazi wanaohuzunika pale mtoto wa jirani anapochaguliwa akiwa na miaka 14 na wa kwao akaachwa. Msihuzunike mapema. Na wewe uliyechaguliwa, usifurahi mapema.

Nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni namna alivyoondoka Bradford. Mnajua Bradford na Leeds ni nini kwa kila mmoja. Ni miji miwili inayoweza kuonana usiku kwa taa, umbali wa kilomita zipatazo 15, na mashabiki wake hawapendani kabisa katika mchezo huu. Katika msimu wa 2005 ilitangazwa kwamba Peacock, mzaliwa wa Leeds, ataihama Bradford mwisho wa mwaka na kujiunga na Leeds. Fikirini hali hiyo. Miezi kadhaa anavaa jezi ya watu ambao wanajua kwamba anakwenda kwa wapinzani wao. Wangapi kati yetu, tukiwa tumekwisha kupata kazi nyingine na barua ya kuacha kazi imo mfukoni, huendelea kufanya kazi kwa moyo ule ule hadi saa ya mwisho ya siku ya mwisho? Mimi mwenyewe niliwahi kuacha kazi mahali, na wiki mbili zile za mwisho nilikuwa mwili tu. Moyo ulikuwa umekwisha kuhama. Wenzangu wa zamu ndio waliobeba sehemu yangu. Hadi leo naona haya nikiwakumbuka.

Na mambo yakajipanga kwa namna ya ajabu. Bradford walimaliza msimu wakiwa wa tatu, wakashinda mechi za mtoano, wakafika Old Trafford tarehe 15 Oktoba 2005. Wapinzani wao katika fainali walikuwa nani? Leeds. Mechi ya mwisho ya Peacock kwa klabu yake ya zamani ilikuwa dhidi ya watu ambao baada ya wiki chache angekaa nao chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Angecheza nusu nusu, nani angemlaumu kwa ushahidi? Kazi yake ni ile isiyoonekana. Kurudi mita 10 kwa kutembea badala ya kukimbia, mara mbili tatu tu, kungetosha kuwapa Leeds pengo, na hakuna mwandishi wa habari ambaye angeligundua. Bradford walishinda 15 kwa 6. Alifanya kazi yao hadi kipenga cha mwisho, akavua jezi, akaenda kwa wale aliotoka kuwaangusha.

Nawauliza, mngependa kumpokea mtu gani katika timu yenu? Yule aliyewalegezea mwende mkashinde, au yule aliyewanyima ubingwa kwa sababu bado alikuwa akila mshahara wa wenzake?

Mwaka wake wa kwanza Leeds, 2006, hawakupata kombe lolote. Novemba mwaka ule, akiwa nahodha wa Great Britain, timu ya taifa ya Uingereza, aliwaongoza wenzake kuwashinda Waaustralia 23 kwa 12 ndani ya Sydney kwenyewe, mji ambao hawakuwa wameshinda tangu 1988. Kisha ukaja mfululizo ambao hakuna klabu iliyokuwa imewahi kuupata katika Super League: Leeds wakawa mabingwa mwaka 2007, mwaka 2008 na mwaka 2009. Kila mara waliowashinda katika fainali ni St Helens. Sitakaa sana kwenye ushindi huo, kwa sababu ushindi hautufundishi sana juu ya mtu.

Goti linatufundisha zaidi. Mwezi wa Septemba 2010 kano ya goti lake ilikatika. Alikuwa na miaka 32. Madaktari wa michezo watawaambia kwamba kano ile ikikatika mtu hukaa nje ya uwanja miezi mingi, na kwamba kwa fowadi wa umri ule wengi huona ni mlango wa kutokea. Nataka mfikirie namna mazoezi ya kuponya goti yalivyo: chumba kisicho na watazamaji, kuinua mguu mtupu mara kumi, kupumzika, kuinua tena, kesho vivyo hivyo, keshokutwa vivyo hivyo. Kwa mtu aliyezoea kazi isiyopigiwa makofi, chumba kile hakikuwa kigeni. Alirudi katika msimu wa 2011, na ile fainali ya Burrow niliyowaeleza, naye alikuwemo.

Hapa naomba niseme na wazazi. Kurudi baada ya matibabu kamili ni jambo moja, na kuficha maumivu ni jambo jingine. Leo kuna wachezaji wa zamani waliokipeleka mahakamani chama cha mchezo huu kwa sababu ya madhara ya ubongo wanayosema yametokana na vichwa kugongwa mara kwa mara. Mimi naupenda mchezo huu kwa moyo wangu wote, na kwa sababu hiyo hiyo nasema wazi: kijana aliyegongwa kichwa atoke uwanjani, asirudi siku hiyo, hata kama ni fainali, hata kama yeye mwenyewe analia arudishwe. Sitaki kusikia mzazi akimwambia mwanawe kwamba Peacock angevumilia. Kocha yeyote atakayemrudisha mtoto wenu katika hali hiyo, mchukueni mtoto mwondoke.

Tuendelee. Peacock aliacha kuchezea timu ya taifa mwaka 2012, mwaka ambao alipewa nishani ya MBE na Leeds wakachukua ubingwa kwa mara nyingine wakitokea nafasi ya tano. Kombe la Challenge lilikuwa limewapiga chenga Leeds kwa muda mrefu. Walifungwa fainali tatu mfululizo, mwaka 2010, 2011 na 2012, na hawakulishika hadi 2014. Ndipo ukaja mwaka wa mwisho.

Tarehe 29 Agosti 2015, siku iliyotimiza miaka 120 kamili tangu kile kikao cha Huddersfield, Leeds waliwafunga Hull KR 50 kwa 0 katika fainali ya Kombe la Challenge pale Wembley, na Tom Briscoe akafunga trai tano. Mwezi mmoja baadaye, Huddersfield hiyo hiyo, Ryan Hall aliukimbiza mpira hadi mstarini huku king'ora cha mwisho kikilia, na Leeds wakamaliza wakiongoza jedwali. Tarehe 10 Oktoba, Old Trafford, mbele ya watu 73,512, walikutana na Wigan. Leeds walikwenda mapumziko wakiwa mbele 16 kwa 6, wakapitwa 20 kwa 16, kisha kijana Josh Walters aliyetoka benchini akafunga trai, Sinfield akaupitisha mpira kati ya nguzo, 22 kwa 20. Kisha zikaja dakika za kulinda tu. Dakika kama zile hazina shujaa mmoja. Ni watu wanaoangusha, wanaoinuka, wanaorudi mita 10. Peacock alikuwa na miaka 37 na miezi kumi.

Wengi husimulia habari yake na kuishia hapo, kwa sababu ni mahali pazuri pa kuishia. Mimi sitaishia hapo, maana nisipowaeleza mwaka uliofuata nitakuwa nimewadanganya kwa kunyamaza. Baada ya kustaafu alikwenda Hull KR kuwa meneja wa masuala ya kikosi, klabu ile ile aliyoifunga 50 kwa 0. Mwaka 2016 wachezaji wao walipoumia kwa wingi, alivaa tena jezi akacheza mechi chache, akiwa na miaka 38. Je, ilitosha? Haikutosha. Tarehe 1 Oktoba 2016 walicheza na Salford mechi moja ya kuamua nani abaki katika Super League. Hull KR walikuwa mbele 18 kwa 10, zikiwa zimebaki dakika chache sana. Salford wakafunga trai mbili, ikawa 18 kwa 18, na katika muda wa nyongeza Gareth O'Brien akapiga teke lililoleta pointi moja kutoka mbali. Hull KR wakashuka daraja.

Kwa hiyo sikuja hapa kuwaambia kwamba bidii hulipwa daima. Mtu aliyekuwa na bidii kuliko wote niliowaona alishindwa, mbele ya watu, katika klabu iliyomwamini. Baba yangu alibeba magunia kwa miaka mingi na hakufa tajiri. Mtoto akinitaka nimwahidi kwamba akijituma atashinda, siwezi kumwahidi. Naweza tu kumwambia kwamba mwenziwe aliye pembeni yake atajua kama alirudi zile mita 10 au hakurudi.

Mnamkumbuka Rob Burrow, yule mdogo. Mwezi wa Desemba 2019 alipatikana na ugonjwa wa mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, ugonjwa usio na tiba. Tarehe 12 Januari 2020 Leeds na Bradford walicheza mechi ya kumchangia fedha pale Headingley, na uwanja ulijaa. Wachezaji wa zamani waliokuwa wamestaafu walivaa jezi tena ili wawe naye uwanjani, na mmoja wao alikuwa Jamie Peacock, mwenye miaka 42. Burrow aliingia katika dakika za mwisho. Nilikuwa pale, upande ule ule wa kusini, bila yule mzee wangu, ambaye alikuwa ametangulia mbele ya haki. Watu walimtazama Burrow, na ilikuwa haki wamtazame. Alifariki tarehe 2 Juni 2024, akiwa na miaka 41.

Sasa niseme tutakalofanya. Kuanzia Jumanne ijayo, katika mazoezi ya vijana wetu, sitaandika waliofunga trai. Nitakuwa na daftari, na nitaandika kila kijana ameinuka mara ngapi kabla ya aliyeanguka naye, na amerudi mara ngapi mita 10 kwa kukimbia pale ambapo mpira haukuwa upande wake. Mwisho wa mwezi nitayasoma majina hapa, mbele yenu. Peke yangu siwezi kuwaona vijana wote kwa wakati mmoja. Nahitaji wazazi wawili wa kusimama kila upande wa uwanja na kuhesabu pamoja nami, saa kumi na mbili jioni, mvua ikinyesha au isinyeshe. Walio tayari waniandikie majina yao kwenye karatasi ile iliyo mlangoni kabla hawajaondoka.